Mtungi wenye masikio: kisa cha mjukuu aliyetaka kumfinyanga bibi yake

Alinijia na picha ya ukubwa wa stempu, imebandikwa kwenye karatasi ya daftari na kufunikwa nailoni. Bibi wa Kigogo, kitambaa kichwani, mdomo umefungwa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Kilichozungumza pale ni masikio tu: ndewe zimetobolewa na kutanuliwa mpaka zinaning'inia karibu na taya, mtindo wa wanawake wa Ugogo wa kizazi kile. Picha ilikuwa imekatwa kwenye kitambulisho cha zamani.

"Nataka kichwa chake," akasema. "Cha udongo. Ukubwa wa mtu mzima."

Nafundisha ufinyanzi kwenye karakana ndogo pembezoni mwa Dodoma, upande wa barabara ya Iringa. Wanafunzi wangu wengi hutaka vikombe, sahani na vyungu vya maua. Aliyetaka kumfinyanga marehemu sikuwahi kumpata, na sikujua nimwonye nini. Kisa hiki nakiandika kwa sababu tulikosea mambo mengi, mengine nikiyakosea mimi mwenyewe, na huenda wapo wengine wanaoshika udongo wakitafuta watu wao. Mwenyewe ameniruhusu, majina nimeyaacha.

Mhusika na alichokitaka

Ni mhasibu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Temeke. Mama yake ni Mgogo wa upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Baba yake mtu wa Tanga. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwepo tangu 1973, lakini serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba safari hii inahama kweli, maofisi yakaanza kufungasha. Yake ilifungasha taratibu. Alifika 2019 na masanduku mawili, akapanga chumba na sebule, akajikuta anaishi mwendo wa saa moja kutoka kijiji ambacho mama yake alikitaja pale tu anapokasirika au anapougua. Cigogo, lugha ya Wagogo, hakijui. Alikuwa na neno moja, "mbukwenyi", salamu ambayo hata wapita njia wa Dodoma huijua.

Hamu ilianzia kwenye simu. Usiku wa upweke wa mwaka ule wa kwanza alikuwa akitazama kazi za wafinyanzi wa Pueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico kule Marekani. Alinionyesha Helen Cordero wa Cochiti, ambaye mwaka 1964 alimfinyanga babu yake akiwa ameketi, mdomo wazi anasimulia hadithi, watoto watano wamempanda mwilini. Akanionyesha Roxanne Swentzell wa Santa Clara na binti yake Rose B. Simpson, wote wawili wafinyanzi wa miili ya watu. Kwa jamii hizo udongo ni ndugu. Wapo wanaouita mama, na kabla ya kuuchimba huomba na kutoa unga wa mahindi. Watoto wao waliwahi kupelekwa shule za bweni ambako lugha ya kwao ilikuwa kosa la kuadhibiwa, na ufinyanzi ukawa miongoni mwa njia za kurudi nyumbani bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Nikajiuliza," alisema, "bibi yangu alikuwa mfinyanzi, mbona mimi sina hata kikombe chake?"

Jambo lililompa haraka ni kaburi. Familia ilikuwa imepanga kulijengea Oktoba, kwa saruji na vigae vya sakafu kama ilivyo desturi siku hizi, na yeye alitaka kichwa kisimame pale juu. Tulikuwa Juni.

Kitu nilichopaswa kumwambia siku ile sikukisema. Cordero alikuwa anaishi Cochiti, udongo wake unatoka huko huko, na hadithi za babu alizisikia mwenyewe akiwa mtoto. Huyu wangu alimwona bibi yake mara mbili tu, mara ya pili akiwa na miaka saba.

Vichwa viwili

Cha kwanza hakikufika hata kwenye moto.

Mkono alikuwa nao. Alishasoma kozi ya jioni Dar es Salaam, na sura aliyoitoa kwenye ile picha ndogo ilinishangaza. Tatizo ni kwamba alifinyanga kama mtu wa pwani. Dar hewa ina maji. Kichwa unakiacha kibarazani wiki tatu, kinakauka kwa adabu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita mia tano na kitu kwa mwaka mzima, na ikishakoma hewa inanyonya unyevu popote inapoukuta. Julai unaongezeka upepo. Udongo ukikauka hujikunja, na sehemu nyembamba hutangulia kukauka. Zile ndewe nyembamba zilimaliza kujikunja wakati fuvu bado bichi, zikajing'oa zenyewe. Asubuhi tulizikuta mezani, mbili, kama maganda ya karanga. Shingo nayo ilikuwa na ufa wa kuingiza kucha.

Cha pili tulikifunika nailoni, tukawa tunakifunua robo saa kwa siku. Kilikauka kizima. Nikakiua mimi.

Udongo aliutoa kwa mtu wa matofali: mweusi, wa mbuga, ule unaonata kwenye gumboot masika na kupasuka kama ramani kiangazi. Udongo wa namna hii hunywa maji mengi na huyaachia kwa shida. Nilimwambia akitoboe kichwa kiwe na uwazi ndani, akatoboa fuvu, lakini chini ya kidevu na kwenye fundo la kitambaa akaacha bonge nene kama ngumi. Niliona. Nikajiambia litapita. Kisha, kwa kuwa tanuri la umeme lilikuwa limejaa vikombe vya wanafunzi wengine na bili ya umeme si ya mchezo, nikapandisha joto haraka kuliko inavyofaa. Maji yaliyobaki ndani ya bonge yalipochemka yakawa mvuke, na mvuke ukitafuta njia hauombi. Ulisikika mlio mmoja, mzito, kama mtu amepiga teke mlango wa bati. Kichwa kilitoka na vikombe kumi na moja vya watu.

Alikusanya vipande kwenye ndoo bila kusema neno. Pua ilikuwa nzima. Akaishika pua ile muda mrefu kidogo, halafu akauliza, "Bibi yeye alikuwa anatumia udongo gani?"

Miezi miwili tulikuwa na picha ya bibi mezani, na swali hilo hatukuwa tumeliuliza.

Mvumi

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mdogo wake bibi. Nitamwita bibi mdogo, kama mjukuu alivyomwita. Bado anafinyanga, vikaango na vyungu vya mlenda, anapeleka mnadani vinne vitano kwa wakati. Wafinyanzi wanaofahamika nchini ni Wakisi wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafiri kutoka Ikombe na Matema mpaka mijini. Wa Ugogo wapo kimya kimya, wanauza kwa jirani.

Tulimkuta ameketi kivulini, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Temeke."

Mjukuu akajaribu "mbukwenyi", bibi akacheka, akamrekebisha, akaitikia. Kisha akaomba aione picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akairudisha.

"Huyu hapa anamwogopa mpiga picha," alisema. "Dada yangu hakuwa anakaa kimya hivi. Sura yake unaijua?"

Mjukuu hakujibu.

Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa na lake, na alilisema kwa upole, maana wajomba wa Kigogo hawahitaji kupaza sauti kwa mtoto wa dada. Sanamu ya marehemu juu ya kaburi hataki. Wakristo watauliza, na wazee wasio Wakristo watauliza zaidi. Hapo nilitaka kumtetea mwanafunzi wangu, lakini nilipotafakari nikaona mjomba ana hoja kuliko alivyojua mwenyewe. Wagogo wa zamani waliwakumbuka wafu wao kaburini, kwa pombe na kwa mnyama, na kwa maneno ya kuwasemesha. Mizimu, ambayo kwa Cigogo ni milungu, haikuhitaji kuchongewa uso. Sanamu za udongo zimekuwepo Tanganyika, tena nyingi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuchapisha habari zake mwaka 1956. Zilikuwa za jando na unyago, za kufundishia wali, yaani vijana wanaofundwa, zikifuatana na nyimbo zake. Zile hazikuwa picha za bibi fulani. Kwa hiyo kichwa chetu, tulichokuwa tunakiita kurudi kwenye asili, kilikuwa na ukoo wa karibu zaidi na Cochiti kuliko na Mvumi. Hakuna ubaya kuazima. Ubaya ni kuazima halafu ukabandika jina la bibi.

Bibi mdogo hakuingia kwenye mjadala huo. Alisema udongo mzuri haupo hapa kijijini, upo kule walikotoka. Kule ni mahame. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, na kaya zilizotawanyika zikaachwa. Mtu huhama na ng'ombe wake na nafaka yake. Shimo la udongo halihami. Wanawake waliokuwa wakienda shimoni kwa dakika ishirini wakawa wanatembea saa mbili. Yakaja masufuria, zikaja ndoo za plastiki, na mama yake huyu mjukuu, aliyekuwa msichana mdogo wakati ule, hakuona sababu ya kujifunza kazi ya kubeba matope saa mbili. Nilipoyasikia haya ndipo nilipoelewa kwa nini Temeke hakukuwa na kikombe.

Tulienda na pikipiki mbili. Shimo lipo ukingoni mwa korongo, chini ya tabaka la mchanga, udongo wa rangi ya kahawa yenye maziwa. Bibi mdogo alichukua kidogo, akatema mate kiganjani, akauviringisha mpaka ukawa mnyoo, akauzungushia kwenye kidole cha shahada. Haukupasuka. Akaung'ata kwa meno ya mbele kusikia mchanga. Akatema. "Huu," akasema, na hapo ndipo mjukuu alipoanza kulia, kwa sababu ambayo hata yeye hajaweza kunieleza. Bibi hakumbembeleza. Alimpa jembe.

Nikauliza wanachanganya na nini, maana udongo mtupu wenye mnato namna ile ungepasuka kama ule wa matofali. Akasema vigae. Vyungu vilivyovunjika husagwa, unga wake huchanganywa na udongo mpya. Mjukuu aliruka. Alikwishasoma kwamba wafinyanzi wa Acoma, Pueblo nyingine ya New Mexico, husaga vigae vya zamani vivyo hivyo, na kwamba kwao chungu kipya hubeba ndani yake vyungu vya mabibi. Akamweleza bibi mdogo kwa msisimko, na mikono.

"Kigae ni kigae," bibi mdogo akajibu. "Kinasaidia chungu kisipasuke."

Kitaalamu bibi ana haki. Punje za kigae zilishachomwa, hazijikunji tena, hivyo hupunguza kujikunja kwa udongo mzima. Na huacha njia ndogo ndogo za mvuke kutokea. Ndiyo dawa ya ugonjwa uliokiua kichwa cha pili, na mimi mwenye tanuri lenye kipimajoto nilikuwa nimeifundisha darasani na kuisahau kwenye kazi.

Mjukuu akapendekeza tukaokote vigae vya zamani zaidi, alishaviona vimetapakaa chini kwenye miamba ya upande wa Kolo, huko Kondoa, alipokwenda kutazama michoro ya kale. Nilimkatalia palepale. Michoro ya Kondoa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na hata bila orodha hiyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Tena tuseme ukweli, vigae vya Kolo si vya bibi yake. Hamu ya ukale ina tabia ya kumfanya mtu achukue chochote kilicho kikuukuu na kukiita chake.

Kigae cha bibi kilikuwepo, uani, kinanyweshea kuku. Nusu ya chini ya mtungi, imezikwa kidogo ardhini ili isipinduke, ukingo umelambwa na miaka. Bibi mdogo aliuonyesha kwa kidevu. "Ule aliufinyanga yeye. Ulipasuka mwaka ule niliofiwa na mume." Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni, hapa hata hilo gae walikuwa wanalia kuku.

Ilikuwa zamu ya mjukuu kusitasita. Kitu pekee cha bibi kilichopo duniani, akisage? Alitaka kukichukua kama kilivyo, akakiweke Dodoma kwenye kabati la vioo. Bibi mdogo alimtazama kama mtu aliyeombwa kuhifadhi sufuria lililotoboka. Walibishana muda mrefu kwa lugha mbili, mjomba akitafsiri na kupunguza makali. Mwisho kipande kimoja cha ukingo, ukubwa wa kiganja, kikabaki kwa mjukuu. Vingine vilienda kwenye jiwe la kusagia.

Konzi mbili za unga wa kigae kwa konzi tano za udongo. Sikuona akipima zaidi ya hapo.

Moto

Kichwa hakikufinyangwa tena. Hakuna aliyekataza. Bibi mdogo alisema tu kwamba yeye ataanza, mjukuu amalizie, na yeye akianza kitu huwa kinaanza na kitako cha mtungi. Alikandika udongo kwenye kipande cha kibuyu, akauzungusha kwa kidole gumba cha mguu, akapandisha kuta kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akizilaza kwa gunzi la hindi. Kila akifika mahali alimpa mjukuu. Kila mjukuu akikosea alimwacha akosee mpaka ukuta uanze kulegea, ndipo amshike mkono. Siku tatu, kwa vipindi. Wakati wa kungoja ukuta ukazwe kidogo ndipo hadithi zilipotoka: bibi aliyekuwa anacheka mpaka anashika ukuta wa tembe, bibi aliyepiga muheme, ile ngoma ya wanawake, mpaka viganja vinavimba, mama yao mzaa bibi, aliyezaliwa miaka ya Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, wakati vita vya wazungu vilipokomba nafaka na ng'ombe wa Ugogo, akalelewa na watu ambao hawakuwa ukoo wake. Mengine mjukuu aliyarekodi kwenye simu. Mengi hakuwahi, mikono ilikuwa na matope.

Sura ilirudi kwa mlango wa nyuma. Walipofika mabegani mwa mtungi ilibidi wabandike mikono ya kushikia, na kwa Kiswahili mikono hiyo huitwa masikio. Mjukuu akaifinyanga ndefu, imetoboka katikati, inaning'inia. Bibi mdogo alitazama, akachukua ncha ya sikio la kushoto, akaivuta chini nusu kidole zaidi. Hakusema kitu. Huo ndio mfano pekee wa uso wa bibi uliomo kwenye kazi ile: mtungi wenye mabega mapana, shingo fupi, na ndewe mbili. Hana macho wala mdomo. Tumbo lilisuguliwa kwa kokoto la mtoni mpaka likang'aa bila rangi.

Ulikaushwa ndani ya nyumba, gizani, siku kumi na mbili. Nilileta wazo la tanuri langu, likasikilizwa kwa heshima na kuachwa hapo hapo.

Kuhusu moto ule naweza kuandika kurasa, nitajizuia. Walisubiri jioni upepo utulie. Kwanza makaa yaliingizwa ndani ya mtungi, machache, yakiongezwa kidogo kidogo, mpaka mkono ukashindwa kugusa kitako kwa nje. Hapo unyevu wa mwisho ulikuwa unatoka polepole. Ndilo jambo ambalo mimi nililikimbiza. Kisha ulilazwa juu ya mawe na vigae, ukazungushiwa magome makavu na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ukafunikwa nyasi. Moto wa wazi kama huu hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi na hupanda kwa kasi ambayo ingevunja vikombe vyangu vyote. Bibi mdogo hakutazama moto. Alitazama nyasi zilipokwisha kuwa majivu, kwa sababu chini ya majivu meusi udongo uliiva kwa wekundu uliofifia, na wekundu huo ukionekana kote kwa usawa, basi.

Katikati ya moto ulisikika mlio mdogo, "ti". Sisi wawili wa mjini tukasimama. Bibi akaendelea kuketi.

Asubuhi mtungi ulikuwa mzima, mwekundu, na doa jeusi la moshi begani kama kivuli cha mkono. Pale sikio la kushoto liliposhikana na mwili palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Ni kazi ya nani?

Habari zilisafiri. Mwenye hoteli moja ya mjini aliona picha kwenye simu ya mtu, akataka kuununua, auweke mapokezi na kibao kilichoandikwa "sanaa ya asili ya Kigogo". Bei ilikuwa nzuri. Na hapo ndipo kisa kilipogeuka kigumu kuliko nyufa zote.

Mjukuu hakutaka kuuza, lakini kibao kilimsumbua kwa njia nyingine. Yeye ni nani mpaka kazi yake iitwe ya Kigogo? Baba wa Tanga, lugha hana, udongo ameonyeshwa juzi. Kule Marekani swali hili lina sheria, ya mwaka 1990, inayokataza kuuza kitu kwa jina la wenyeji wa asili ikiwa aliyekitengeneza hatambuliwi na kabila lao. Kwetu swali halipimwi kwa kadi ya uanachama, na Wagogo wangekuwa watu wa mwisho kulipima hivyo. Koo zao nyingi zenyewe husimulia kwamba zilitoka kwingine, Uhehe na Ukimbu na kwingineko, zikakutana kwenye nchi hii kavu. Hata jina, masimulizi yanayojulikana ni kwamba lilitolewa na wapita njia wa misafara waliowakuta kwenye magogo. Na mji wenyewe jina lake linatokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akazama matopeni: idodomia, imezama. Kwenye nchi iliyopewa jina na matope, kuuliza nani ana damu safi ya kutosha kushika udongo naona ni kupoteza muda.

Swali la mkono ni tofauti, na hapo nilimbana. Kitako ni cha bibi mdogo. Kuta ni za wote wawili. Masikio ni ya mjukuu, isipokuwa nusu kidole. Simu za watu zilimtaja mjukuu peke yake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye simu. Nilimwambia kila picha anayoiweka iwe na majina mawili na jina la shimo isiwe nalo, maana shimo likijulikana, malori ya watu wa matofali yatafika kabla ya wapenda sanaa. Alikubali. Bibi mdogo alipoulizwa kuhusu jina lake kuandikwa, aliuliza kama kuandikwa kunalipiwa. Swali halali kabisa. Sasa mjukuu akija Jumamosi kujifunza, analipa, kama wanafunzi wangu wanavyonilipa mimi, na analeta sukari juu yake.

Kama kisa kingeanza upya, ningemwuliza Juni: nani yu hai? Ningeanzia hapo, na picha ingekaa kwenye mkoba. Na ningepandisha joto polepole. Wenye vikombe kumi na moja bado wananidai.

Oktoba kaburi lilijengewa, vigae vyeupe vya dukani, msalaba, tarehe. Mtungi haukuwekwa pale. Mjomba alipendekeza ukae upenuni, upande wa jikoni, mahali ambapo hauabudiwi wala hauzuii njia. Watu walipokwisha kula, bibi mdogo aliagiza ujazwe maji tuone. Tukasubiri. Tone likajitokeza kwenye ule ufa, likaning'inia kwenye ndewe, likadondoka.

"Unavuja sikio la kushoto," mjukuu akasema.

"Hata yeye la kushoto lilikuwa halisikii," bibi mdogo akajibu, akaagiza upikiwe uji wa uwele mzito mara mbili zaidi, pengine utaziba.